Sheria Yangu ya Debe la Mahindi

Mahalapye, Botswana
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Mugonile, juba. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto halikusumbui tena unaposhuka mtoni. Mvua huko bila shaka hainyamazi. Huku hatujaona hata wingu tangu shule ilipofunguliwa. Mchanga unaingia kwenye chakula na kwenye mashuka, na mke wangu Tumpe amechoka kufagia, anasema afadhali tope la kwetu kwa sababu tope lina shukrani, unapanda kitu kinaota. Yeye ni mzima na anakusalimu sana. Mimi pia ni mzima wa mwili.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Niliisoma nimesimama pale pale posta, nikaikunja na kuitia mfukoni. Tangu hapo nimeisoma mara nyingi, na kila nikikaa kuijibu naishia kwenye salamu. Unisamehe kwa kuchelewa. Sikukosa nafasi, Mama. Nilikosa uso.

Umeniuliza swali moja tu: "Wewe ndiye msomi wetu. Sheria tumeifuta, mbona watu hawarudi?" Nitajaribu kulijibu. Mengi nitakayoandika unayajua kwa sababu ulikuwepo, lakini niache niyaandike yote kama yalivyokuwa, maana ndani yake kuna moja ambalo hulijui, na nikiliruka hili nitakuwa nimekudanganya tena.

Unakumbuka likizo ile nilipokuja, Baba akiwa bado mzima. Malori ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kuja mpaka Isongole. Zamani mazao yetu yalikuwa yanangoja ushirika, na ushirika nao haukuwa na haraka, kwa hiyo mtu akifa hakuna aliyekuwa na sababu ya kutokwenda. Ilipokuwa ruksa kila mtu kununua na kuuza, dereva akawa hangoji. Ukichelewa na viazi vyako anapakia vya mwenzako na kuondoka. Likizo ile tulimzika mama mmoja wa kule juu, na ilikuwa siku ya lori. Watu walikuja, lakini Baba alihesabu nyumba tano ambazo hazikuleta mtu. Nyumba tano tu! Leo tungesema ni msiba uliojaa. Lakini Baba alirudi amekasirika, akaniambia, "Amba, watu wanaanza kujifunza tabia mbaya. Wewe umesoma. Sema nao."

Nikasema nao. Tulikutana shuleni kwetu Lupepo, kwenye darasa la nne, wazee wamejibana kwenye madawati ya watoto. Nikachukua chaki kama nilivyozoea, nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri: Asiyefika msibani bila sababu ya ugonjwa atapeleka debe moja la mahindi kwa wafiwa. Nikawaeleza kwamba hakuna mkulima atakayekubali kupoteza debe zima, kwa hiyo wote watakuja, na yule mkaidi mmoja au wawili watakaobaki, angalau wafiwa watapata chakula. Walinipigia makofi. Mzee Gwakisa, rafiki wa Baba tangu utoto wao, aliyekuwa ameketi mbele kabisa, alisimama akasema hii ndiyo faida ya kusomesha.

Wewe ulikaa nyuma na kina mama. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ukaniuliza, "Na mtu mwenye mahindi mengi, je?" Nikacheka. Nilikucheka, Mama. Nikakuambia, "Hakuna mtu anayependa kupoteza mahindi." Ukazungumzia mambo mengine.

Nikarudi huku. Dada Subilaga akawa ananiandikia kwamba sheria inafanya kazi, mahindi yanaletwa, wafiwa hawalali njaa. Mimi nikafurahi. Sikujiuliza kwamba kama mahindi yanaletwa, basi kuna watu ambao hawaji. Mwalimu wa hesabu, Mama, na hesabu hiyo sikuipiga.

Kisha ikaja simu ya maandishi kwamba Baba hayupo.

Safari ile sijakueleza vizuri mpaka leo. Nilivuka mto kwa pantoni, nikapanda mabasi mawili, nikapanda treni pale Kapiri hadi Mbeya. Njia nzima nilikuwa najipa moyo kwa kuwaza nitakavyowakuta watu. Nilikuwa nawaona kabisa: kina mama wamejaa uani, wanaume wamekaa kwa makundi chini ya migomba, vijana wanapokezana kuchimba, moshi wa vyungu vya ndizi. Nilijiambia nikifika tu nitajitupa katikati yao nilie mpaka nichoke, na watanishika.

Nilipofika pale barabarani, kwenye duka la Mzee Salumu, gari lililomtoa Baba hospitali Tukuyu lilikuwa limeshafika, limesimama kwa sababu ya utelezi. Duka lilikuwa limefungwa. Mzee Salumu mwenyewe alikuwa amesimama kando ya jeneza, kanzu ameikunja kiunoni, viatu amevua. Nikawasalimu waliokuwepo na nikauliza wengine wako wapi. Shemeji yangu, mume wa Dada, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndio sisi hawa."

Tulikuwa sita pamoja na mimi, na wawili kati yetu walikuwa wazee waliohitaji kushikwa wenyewe. Unaujua mteremko ule. Zamani jeneza likifika pale, wanaume walikuwa wanagombea, huwezi kulibeba hatua ishirini kabla mwingine hajakusukuma bega akisema niachie na mimi. Siku ile hapakuwa na mtu wa kumwachia. Tulipishana na watu wakipandisha viroba vya viazi, wakatua mizigo, wakavua kofia, wakasema, "Poleni jamani, poleni sana," kwa huzuni ya kweli kabisa, wakajitwika tena wakaenda. Hawakuwa na dharau. Ndicho kilichonishangaza. Walikuwa kama watu ambao wameshatoa walichodaiwa.

Tulimtua Baba mara mbili. Mara ya pili ilikuwa pale kwenye kijito, kwenye tope, kwa sababu mzee mmoja aliteleza. Mimi ndiye niliyesema tumtue. Ulipoona tope chini ya jeneza ukauliza, na shemeji akakuambia ni mvua. Haikuwa mvua. Nakuomba msamaha kwa hilo, nimelibeba peke yangu muda mrefu.

Na nyumbani nikaiona baraza. Madebe, viroba, ndoo, mahindi yamefika mpaka dirishani. Kulikuwa na chakula cha kulisha watu mia, na watu wa kukila hawakuwepo. Kaburi lilikuwa halijafika kiunoni. Nilivua koti nikaingia kuchimba na viatu vyangu vya safari, na Mzee Salumu akaingia upande wa pili. Tukachimba bila kuzungumza. Mara moja tu aliniambia, "Pumzika kidogo, mfiwa hachimbi." Nikamwambia nani atachimba. Akainua jembe tena.

Jioni jua halijazama, tumeshamzika, ndipo Mzee Gwakisa alipofika na baiskeli. Kilichotokea ulikiona, lakini uliona mwisho wake. Mimi nilikuwa nimesimama uani peke yangu. Akaegesha baiskeli, akafungua kamba, akashusha debe, akalileta kwa mikono miwili mpaka miguuni pangu.

"Pole mwanangu. Poleni sana. Baba yako alikuwa ndugu yangu."

"Ulikuwa wapi, mzee?"

"Isongole. Si unajua nimekodi shamba kule? Lori limekuja leo. Lingeondoka, viazi vyote vingeozea pale barabarani."

"Baba anazikwa, na wewe unapakia viazi?"

Akanitazama kama mtu ambaye hajaelewa swali. "Nimeleta debe," akasema. "Limejaa, tazama. Nimelisukasuka mwenyewe ili lijae vizuri."

Nikalipiga teke. Mimi, mwalimu, mtoto uliyemfundisha kupokea kitu kwa mikono miwili. Mahindi yakamwagika kwenye tope, na mimi nikapiga kelele kwamba hatukutaka mahindi yake, tulitaka mabega yake, na kwamba Baba angejua ana rafiki wa namna hii angekufa mapema zaidi. Hilo neno la mwisho nililisema, Mama. Sijui kama ulilisikia.

Yeye hakukasirika. Ningependa angenipiga. Alisema polepole, "Mwanangu, sheria uliandika wewe ubaoni. Mimi nilikaa mbele, nikaisoma kwa shida lakini nikaielewa. Asiyefika alete debe. Sijafika, nimeleta debe. Nimekosea wapi?"

Akainama, akaanza kuokota punje moja moja kutoka kwenye tope. Hapo ndipo ulipotoka ndani, umefiwa na mume siku ile ile, ukapiga magoti karibu naye, ukatandika kanga yako, mkaokota wote wawili. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nilikaa siku mbili, nikaondoka. Nyumba ya Mzee Gwakisa ipo njiani kwenda barabarani. Nilipita upande wa pili wa migomba ili asinione.

Sasa barua yako. Umeniandikia kwamba mlikutana tena darasani mkaifuta sheria, na kwamba Mzee Gwakisa ndiye aliyesimama kuiomba ifutwe. Maneno yake uliyoyanakili nimeyashika kwa moyo: "Kabla ya debe, hata viazi vingeoza ningekuja, maana ningemtazamaje mama Amba usoni? Siku ile nilijiambia nitapeleka debe, na moyo ukatulia. Tangu hapo nauliza, moyo wangu ulitulia kwa nini?" Umeniandikia pia kwamba baada ya kuifuta alikufa mama yake Bupe, na mlikuwa kina mama saba, na wanaume wa kuchimba mliwatafuta nyumba kwa nyumba. Na safari hii hata mahindi hayakuja. Halafu ukauliza swali lako.

Nadhani jibu ni hili. Zamani hakuna aliyejua kutokwenda msibani kuna uzito gani. Ilikuwa aibu tu, na aibu haina kipimo, kwa hiyo kila mtu aliiogopa kama kitu kikubwa kisicho na mwisho. Mimi nikaja nikaipima. Nikawaambia uzito wake ni debe moja. Wakainua debe, wakaona, kumbe linabebeka. Mmeifuta sheria, lakini hamwezi kufuta walichokwisha kukijua. Nilidhani naongeza adhabu juu ya aibu. Kumbe nilikuwa nawavua aibu na kuwapa debe mahali pake, na sasa debe limeondoka na aibu haikurudi.

Hilo ndilo jibu la msomi. Lakini kuna lile ambalo hulijui.

Siku ile darasani sikusema ukweli wote. Ni kweli Baba aliniomba. Ni kweli niliogopa tabia zinaharibika. Lakini wazo la debe halikutoka kwa Baba, lilitoka kwangu, na mimi nalijua lilikotoka. Tangu nilipokuja huku, kila barua kutoka nyumbani ilikuwa na mtu aliyekufa. Mjomba Lwitiko aliyenilipia nauli ya kwanza kwenda sekondari alizikwa sipo. Mama mdogo alizikwa sipo. Nilikuwa najua mnavyosema juu ya watu walioko mbali, kwamba fulani amesahau kuzika. Nilikuwa naona aibu ile kila siku, na haikuwa na dawa, kwa sababu mtu aliyeko Botswana hawezi kuchimba kaburi Lupepo. Basi nikatafuta sheria ambayo hata mtu aliyeko Botswana anaweza kuitimiza.

Rudisha kumbukumbu. Msiba wa kwanza baada ya mkutano ule ulikuwa wa jirani yetu mzee, baba yake Andendekisye. Nilimwandikia Dada achukue debe katika mahindi yangu yaliyokuwa kwako, apeleke kwa jina langu. Alipeleka. Watu wakasifu kwamba Amba yuko mbali lakini hakusahau. Na mimi huku nilipopata habari hizo nilikula chakula changu vizuri. Kwa hiyo mtu wa kwanza kabisa kupeleka debe badala ya kwenda alikuwa mimi. Mzee Gwakisa alijifunza kutoka kwangu, wote walijifunza kutoka kwangu, na nikamtukana yeye mbele ya kaburi la rafiki yake kwa kufanya kile nilichokifanya wa kwanza.

Sasa umejua. Najua utasema, kama kawaida yako, kwamba nilikuwa na nia nzuri. Tafadhali usiseme. Nia nilikuwa nazo mbili, nzuri nikaiandika ubaoni, nyingine nikaificha mfukoni, na iliyofanya kazi ni ya mfukoni.

Wiki mbili zilizopita jirani yetu hapa, mzee aliyekuwa akifanya kazi ya reli, alifiwa na mke. Hatukuwa na mazoea naye, ni salamu tu za uzioni. Nilimwambia Tumpe awapelekee sukari tuliyokuwa nayo. Akaiweka mezani, akaniambia, "Sukari hii itakwenda na wewe au itabaki hapa hapa." Nikakasirika. Kisha nikavaa viatu.

Huku wanazika Jumamosi alfajiri. Wakishashusha jeneza, wanaume wanapanga mstari, kila mmoja anashika koleo, anatupia udongo kidogo, anampa wa nyuma yake. Hakuna anayeandika majina. Nilisimama kwenye mstari na watu ambao sijui lugha yao vizuri. Koleo lilipofika mkononi mwangu nikatupia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikashindwa kuliachia. Nililia, Mama, kilio kile nilichokuwa nimekibeba kwenye treni nikakosa pa kukitua. Mtu wa nyuma yangu hakunisukuma. Alingoja. Baadaye yule mzee wa reli akaja kunishika mkono, akauliza kama nilimfahamu mkewe. Nikamwambia hapana. Akasema, "Lakini umekuja." Basi, akaendelea kuwapokea wengine.

Nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Ataniachia shule itakapofungwa, na nitakaa mwezi mzima. Siji kujenga, wala kuita mkutano, wala sitashika chaki. Msiba wowote utakaotokea mwezi huo, wa ndugu au wa mtu baki, wa huko kwetu au hata Kinyala kwa mama mkubwa, nitakwenda, nitachimba, na nitabaki mpaka wenyewe waseme nendeni. Sijui kama itarudisha mtu hata mmoja. Nafikiri haitarudisha. Kitu ambacho nilikivunja kwa mstari mmoja wa chaki, sidhani kama nitakijenga kwa mwezi mmoja wa jembe. Lakini sina kingine.

Kuhusu Mzee Gwakisa, nakuomba jambo moja. Usimsomee barua hii. Usimpe salamu zangu, na usimwambie kwamba nimeomba radhi. Nimejaribu kumwandikia, nimechana karatasi nne. Nikimwomba radhi kwa karatasi, nitakuwa sijaja tena. Nitakwenda mwenyewe, asubuhi, kwa njia ya kawaida, nitabisha hodi. Akinifukuza, ni haki yake. Akikubali, nitamwomba aje nami kaburini kwa Baba, tukae hapo wawili kwa muda atakaotaka yeye.

Nisalimie Dada Subilaga na shemeji yangu, umwambie shemeji kwamba nimekueleza habari ya kijito, asifiche tena. Msalimie mama mkubwa wa Kinyala, mwambie kwamba mjukuu wake aliyenitumia picha ya kipaimara anafanana na Baba kabisa. Msalimie Mzee Salumu wa dukani kwa heshima zote, yeye ambaye hakuwa hata ukoo wetu wala dini yetu, na aliyekuwa na duka la kufungua siku ile. Msalimie Bupe, na umpe pole ya mama yake. Mwambie nitakuja kumpa mwenyewe pia.

Tumpe amesoma barua hii yote kabla sijaifunga. Amesema nisibadilishe kitu, ila niongeze kwamba yeye naye anakuja.

Ndaga fijo, Mama, asante sana kwa kupiga magoti siku ile mahali ambapo nilipaswa kupiga mimi.

Mwanao,
Ambakisye